Shahada si Hati ya Kumiliki Nchi

Tangu Roh Moo-hyun, aliyekuwa Rais wa Korea Kusini, afariki dunia tarehe 23 Mei 2009, wapo wanaorudia usemi mmoja usiochosha vinywa vyao: kwamba alikuwa mtu mwema asiyejua kutawala. Usemi huo una utamu wake kwa wanaoutamka, maana unaufanya msiba ule kuwa kosa la marehemu peke yake. Lakini hauna ukweli, na ni wajibu ukanushwe. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Roh alizaliwa mwaka 1946 katika kijiji cha Bongha, karibu na mji wa Gimhae, akiwa mtoto wa wakulima maskini. Alisoma katika shule ya sekondari ya biashara mjini Busan na masomo ya darasani yakaishia hapo, kwani fedha ya chuo kikuu haikuwapo. Alijifundisha sheria peke yake, na mwaka 1975 akaushinda mtihani wa taifa wa wanasheria uliowaangusha wahitimu wengi wa vyuo vikuu. Alikuwa hakimu kwa muda mfupi, kisha akawa wakili wa mambo ya kodi. Fedha ikaanza kuingia. Laiti angalikaa kimya, angaliishi na kuzeeka kwa raha.

Kilichomwamsha ni dhuluma. Mwaka 1981 utawala wa kijeshi wa Chun Doo-hwan uliwakamata mjini Busan wanafunzi, walimu na makarani waliokuwa wakikutana kusoma vitabu. Waliwekwa mahabusu kinyume cha sheria, wakateswa, kisha waendesha mashitaka wakawafikisha mahakamani kana kwamba hawakuyaona majeraha yao. Roh alikubali kuwatetea. Aliyoyaona miilini mwa vijana wale yalimwondoa katika starehe zake moja kwa moja. Mwaka 1987 yeye mwenyewe alitiwa ndani kwa kuwasaidia wafanyakazi waliogoma katika kiwanda cha meli cha Daewoo.

Mwaka 1988 aliingia Bungeni, na taifa zima likamtazama katika televisheni akiwahoji matajiri na majenerali bila kuwainamia. Mwaka 1990 kiongozi wa chama chake, Kim Young-sam, aliungana na watawala aliokuwa akiwapinga. Wengi walifuata ulaji, Roh alikataa. Kuanzia hapo alishindwa uchaguzi mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2000 aliacha jimbo alilokuwa nalo jijini Seoul, akaenda kugombea Busan ili kupambana na ukabila wa majimbo, ambao kwa muda mrefu uliwafanya watu wa mashariki na wa magharibi wasipigiane kura. Alishindwa tena. Wananchi wakamwita mjinga, na jina hilo likageuka kuwa la mapenzi. Desemba 2002 mjinga huyo alichaguliwa kuwa Rais.

Hapo ndipo kasumba ya wenye shahada ilipojidhihirisha. Roh alimteua Kang Kum-sil kuwa Waziri wa Sheria, mwanamke wa kwanza kushika wizara hiyo, ambaye hakutoka katika ofisi ya waendesha mashitaka. Maofisa wa ofisi hiyo walichukizwa. Tarehe 9 Machi 2003 Rais alikaa nao meza moja mbele ya kamera za televisheni ili wajadiliane kwa hoja. Ofisa mmoja akaona inafaa kuuliza habari za mwaka ambao Rais aliingia chuo kikuu, hali kila mtu nchini alijua kwamba hakuingia chuo chochote. Mwaka 2005 msemaji wa chama kikuu cha upinzani alitamka hadharani kwamba Rais anayefuata yafaa awe mtu aliyepata kusoma chuo kikuu.

Yafaa ieleweke maneno hayo yalimaanisha nini. Mamilioni ya wakulima na wafanyakazi walikuwa wamepiga kura, na wachache wenye vyeti wakaona kura hizo zilikosea njia. Machi 2004 Bunge lilipiga kura 193 dhidi ya 2 kumshitaki Rais ili aondolewe, kwa sababu alitamka kwamba anatumaini wananchi wangekiunga mkono chama cha Uri. Wananchi walimiminika barabarani na mishumaa mikononi. Aprili wakakipa chama hicho viti 152 kati ya 299, na Mei Mahakama ya Katiba ikamrudisha Rais kazini.

Je, hakuwa na makosa? Alikuwa nayo, na kuyaficha si kumheshimu. Alipeleka askari Irak kufuata vita vya Marekani. Serikali yake ilitia saini mkataba wa biashara na Marekani uliowatia hofu wakulima, watu wa tabaka lake mwenyewe. Jamaa zake walipokea fedha kutoka kwa mfanyabiashara wa viatu, na yeye mwenyewe aliwaomba wananchi radhi. Mtu wa haki hana budi kuyataja hayo yote.

Lakini kosa la jamaa hupimwa mahakamani kwa ushahidi. Mwaka 2009, baada ya Roh kurudi kijijini Bongha, habari za upelelezi zilitapakaa magazetini na katika televisheni kabla hakimu yeyote hajasikiliza neno. Roh aliitwa kuhojiwa tarehe 30 Aprili. Wiki tatu baadaye alijitoa uhai mlimani, nyuma ya kijiji alichozaliwa. Kesi ikafungwa bila hukumu, na Juni mkuu wa waendesha mashitaka akajiuzulu.

Ofisi hiyo ilikuwa na mamlaka ya kupeleleza, kuwaongoza polisi na kuamua peke yake nani ashitakiwe. Roh alipokuwa madarakani hakuigeuza kuwa fimbo yake. Iliwachunguza hata wasaidizi wake wa karibu kuhusu fedha za uchaguzi wa 2002, na mmoja wao akafungwa. Wanaosema hakujua kutawala wana maana kwamba hakuitumia fimbo hiyo. Basi na wamtazame aliyekulia katika ofisi hiyo hiyo. Yoon Suk-yeol, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul na mkuu wa zamani wa waendesha mashitaka, alikuwa Rais mwaka 2022. Usiku wa tarehe 3 Desemba 2024 alitangaza utawala wa kijeshi na askari wakapelekwa Bungeni. Aprili 2025 Mahakama ya Katiba ilimwondoa kwa kauli moja. Mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya kuivunja ofisi ya waendesha mashitaka, ili kazi ya kupeleleza itengwe na kazi ya kushitaki. Jambo ambalo Roh alidhihakiwa kwa kulitaka likawa sheria, miaka 16 baada ya kuzikwa.

Mtumishi wa umma na mwalimu wana la kujiuliza hapa. Shahada ni amana. Mkulima aliyelipa kodi ndiye aliyejenga shule, na anayo haki ya kudai kwamba aliyesomeshwa amtumikie. Afisa anayekalia faili la mnyonge na kumwuliza amesoma mpaka wapi hana tofauti na yule aliyemwuliza Roh mwaka wake wa kuingia chuoni. Na mwalimu anayemfundisha mtoto kwamba cheti kitamtenga na wazazi wake anamwandaa bwana mpya wa kuwatawala.

Roh alitoka Bongha bila shahada, akarudi Bongha bila kuwa bwana wa mtu. Wanaotaka kumpima na wampime kwa hilo kwanza.