Neno la Siri la Mama Liko Saiba
Tangu 2023, serikali ilipoagiza malipo ya huduma zake yapitie eCitizen na ile Paybill moja, 222222, wazee wengi wa Busia na Malaba wamekuwa mateka wa saiba. Neno la siri la mama liko kwenye daftari la kijana wa kaunta, kando ya nambari ya kitambulisho na PIN ya KRA. Nasi wa Nairobi tunasema, "Si asaidiwe tu na mtu wa saiba." Acheni hizo.

Ile laptopu mliyoisukuma kabatini Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, bado ni nzima. Weka Linux Mint, ni ya bure. Panua herufi, acha aikoni tatu pekee, mnunulie kipanya cha waya. Na kwenye simu anayovutia intaneti, zima kuchagua mtandao otomatiki. Pale mpakani laini hurukia minara ya Uganda, na bando lake la Kenya huenda likakosa kazi.

Neno la siri alichague mwenyewe, hata kwa Kiteso. Mkimchagulia nyinyi, mmehamisha daftari tu.

Eti hamna muda wa kumfundisha? Krismasi mnakuja siku nne, mbili mnalala.