Jenasi Mpya si Jina Tupu

Wako watu wanaodhani kwamba kumpa mdudu jina la kisayansi ni anasa ya wataalamu, na kwamba nchi yenye kazi nyingi yaweza kuiahirisha. Dhana hii yafaa ipingwe, hasa shuleni.

Tuchukue mahindi, zao la wakulima wa Kitai, wilayani Mbinga. Miongoni mwa maadui zake wamo wadudu wadogo warukao, wanaofyonza utomvu wa mimea. Vipapasio vyao huota chini ya macho. Na katika familia ya Delphacidae, mguu wa nyuma una mwiba unaochezeka. Mmoja wao, Peregrinus maidis, hueneza virusi vya mahindi. Mwaka 1890 Ashmead alimweka katika jenasi Delphax. Mwaka 1904 Kirkaldy akamwundia jenasi yake. Pasipo jina moja, mtafiti aliyeko Mbinga na mwenzake wa ng'ambo wasingejua kama wanazungumzia adui mmoja au wawili.

Hata hivyo, jenasi haiundwi kwa kupenda tu. Mtaalamu hana budi kuonyesha sifa zinazoitenga na jenasi jirani, kutaja spishi iliyo kigezo chake, na kuchapisha maelezo ambayo wengine waweza kuyapinga. Kipunji wa Rungwe ni ushahidi. Mwaka 2005 alitangazwa kuwa spishi ya jenasi Lophocebus, kwa kutegemea picha. Mwaka 2006, baada ya kipunji mmoja aliyekufa kuchunguzwa mwili na vinasaba, ikaundwa jenasi Rungwecebus. Jina la mlima wetu na neno la Wanyakyusa yakaingia katika sayansi ya dunia, kwani kanuni za kutaja wanyama huruhusu maneno ya lugha yoyote.

Deni letu liko hapo. Vielelezo vingi vya wadudu wetu vimehifadhiwa ng'ambo, na kijana atakaye kuvilinganisha na mdudu wake hupata taabu. Kuwalaumu wageni hakutatufaa. Kutafaa kukusanya, kuhifadhi na kufundisha. Kila shule ya sekondari yaweza kuwa na sanduku la wadudu, kila mdudu na kibandiko chenye mahali, tarehe, mmea alipokutwa na jina la mkusanyaji. Asiye na kibandiko hamfai mtafiti yeyote.

Ndugu walimu, anzeni msimu huu wa mahindi. Atakayeeleza jenasi mpya kesho hana budi kujifunza leo kutazama mguu wa mdudu.