Ndai Kali, Bei ya Kutupa: Usiingie Box Kabla Upige Hesabu Hii

Unaijua ile posti. BMW nyeusi, rimu zinawaka, viti vya ngozi, halafu chini wameandika mwenyewe anahama nchi kwa hivyo bei ni ya haraka. Unacheki bei, unapata ni pesa ya Toyota ya kawaida tu. Hapo hapo akili inakushow kwamba watu wa Toyota ndio wamelala na wewe ndiye umeona mwanya.

Tulia kwanza. Hiyo bei haijashuka juu ya bahati yako. Kuna mtu ashalipa huo mshuko, na kuna bili ingine inangoja yeyote atashika funguo baada yake. Wacha tuifungue pole pole.

Nani anakula hasara?

Ndai ya kifahari ikitoka dukani, mnunuzi wa kwanza analipia vitu hawezi kumuuzia mtu mwingine: upya wake, waranti, na raha ya kuwa na modeli ya mwaka huu. Huko Ulaya, nyingi ya hizi sedan kubwa huchukuliwa na makampuni kwa mkataba wa miaka miwili ama mitatu. Mkataba ukiisha, zinarudi sokoni kwa mpigo. Na msee mwenye ako na pesa ya S-Class kawaida anataka mpya, sio yenye mwingine ameshaikalia. Ndio maana BMW 7 Series, Mercedes S-Class na Maserati Quattroporte zina sifa ya kudondoka bei kama embe limeiva.

Za umeme nazo zina mambo yao. Porsche Taycan iliingia sokoni 2019 na kusifiwa kila mahali, lakini kwa soko la mkono wa pili imepigwa vibaya kuliko ndugu yake 911. Mnunuzi wa pili anaogopa betri, tena anajua modeli inayofuata itaenda mbali zaidi kwa chaji moja.

Lakini usidhani umri ndio huua bei. 911 imetengenezwa tangu miaka ya sitini na bado watu wanapanga foleni, so hushika bei poa. Nissan Skyline GT-R R34 ilitengenezwa 1999 hadi 2002 pekee. Marekani ina sheria ya miaka 25 kwa gari za nje zenye hazikuundwa kwa viwango vyao, kwa hivyo R34 za kwanza zilianza kuruhusiwa huko 2024, na bei ilikuwa imeanza kupanda kitambo watu wakijipanga. Ile Toyota Supra ya rangi ya chungwa ya filamu ya kwanza ya The Fast and the Furious iliuzwa kwa mnada 2021 kwa dola 550,000. Hapo hakuna mtu alikuwa ananunua injini. Walikuwa wananunua stori.

Kwa ufupi, bei inashikiliwa na vitu viwili: ni watu wangapi wanaitaka, na ni ngapi zimebaki. Shika hapo, juu Kenya tunaongeza kitu cha tatu.

Sasa turudi Nairobi

Hiyo R34 huwezi kuiagiza leo, juu KEBS haikubali gari ya mkono wa pili yenye imepita miaka minane. Kuanzia Januari 2026, lazima iwe ilisajiliwa mara ya kwanza 2019 ama baadaye. Kila Mwaka Mpya huo mstari unasonga.

Cheki venye hii inacheza. Ndai ya miaka saba ama minane ndiyo mwenyewe kule Japan ama Uingereza anataka kuachilia, kwa hivyo ndiyo ya bei rahisi, na ndiyo inapakiwa meli ya Mombasa. Lakini huo ndio umri waranti imeisha kitambo na vitu vikubwa vinaanza kuchoka. Unaipokea vile tu shida inapiga hodi.

Halafu gava inaingia. Ushuru wa forodha ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35 Julai 2023. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, ambao kwa injini ya petroli ya zaidi ya cc 3000 ni asilimia 35. Kisha VAT ya asilimia 16. Kisha ada ya IDF ya asilimia 2.5 na ya reli ya asilimia 2. Na hizi tatu za kwanza zinapandiana: kila moja inahesabiwa juu ya jumla ya zilizotangulia.

Tuseme KRA imeweka thamani ya ndai yako kuwa milioni 2, na ina injini ya cc 4000. Forodha ni 700,000. Ushuru wa bidhaa ni 945,000. VAT ni 583,200. IDF na reli ni 90,000. Jumla ya kodi ni 2,318,200. Yaani umenunua gari moja, ukanunulia serikali ingine, na ukawaachia chenji.

Mwenye Toyota pia analipa kodi, sawa. Tofauti ni kwamba akitaka kuuza, kuna watu wengi wanapiga hesabu ya kuagiza kama hiyo yake, kwa hivyo kodi yake inarudi ndani ya bei. Wewe na V8 yako utamuuzia nani? Wenye wanaitaka ni wengi kwa picha, wachache kwa M-Pesa.

Na shilingi nayo usiisahau. Januari 2024 dola ilifika karibu 160. Katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Gari ya dola 30,000 ilitoka milioni 4.8 hadi milioni 3.9. Mwenye aliagiza Januari alipoteza laki tisa hata kabla aiendeshe Thika Road, juu jirani angeweza kuagiza kama hiyo kwa bei ya chini.

Bei inashuka, bili haishuki

Hapa ndipo wengi wanaingia box. Ndai ikishuka bei, haibadiliki kuwa ndai ya bei ya chini. Tuseme ilikuwa milioni 15 ikiwa mpya na sasa ni milioni 3. Breki zake, tairi zake na giaboksi yake bado ni za gari ya milioni 15. Kiwanda hakijui wewe ni mnunuzi wa nne.

Chukua BMW M5 ya kizazi cha E60. Ilikuja 2005 na injini ya V10 ya lita 5, nguvu za farasi 507. Enzi zake ilikuwa balaa. Leo inajulikana pia kwa kitu kingine: beringi za injini huisha mapema, na ile giaboksi yake ya SMG ni kilio ikiharibika. Ni rahisi kununua kwa sababu ni ghali kuiweka barabarani, na soko linajua hivyo.

Sasa linganisha na Probox. Ikikataa kuwaka asubuhi, fundi wa mtaa anaijua macho yakiwa yamefungwa, na spea inatoka Kirinyaga Road kabla chai ipoe. Ndai yako ya Ujerumani inataka mashine ya kusoma kompyuta yake, inataka spea ya kuagizwa, na wakati unangoja iko juu ya mawe wiki mbili huku wewe unapanda matatu.

Hicho ndicho kitu cha tatu. Kenya, thamani ya gari ya mkono wa pili ni mafundi wangapi wanaiweza na spea yake iko umbali gani. Nembo ya mbele haina kura hapo.

Kama bado unaitaka

Hakuna mtu anakukataza. Raha ya ndai kali ni raha ya ukweli. Ila fuata hii mpango.

Ongea na fundi kabla uongee na broka. Muulize kuhusu modeli hiyo na mwaka huo: nini huharibika, ni pesa ngapi, na spea inakaa siku ngapi kufika. Akianza kucheka, umepata jibu.

Itisha rekodi za service. Ndai ya aina hii bila rekodi ni bahati nasibu yenye mlango minne.

Fanya search ya NTSA ujue jina la nani liko kwa logbuku. Usije ukanunua deni la mtu.

Weka pesa ya matengenezo kando kabla ulipe gari. Mimi ningeweka angalau robo ya bei. Kama hiyo robo haipo, basi hiyo gari huiwezi bado, hata kama bei yake unaiweza.

Epuka mkopo mrefu. Ndai ikishuka haraka kuliko deni, utajipata unadaiwa milioni mbili kwa kitu chenye hakuna mtu atakupea milioni moja unusu.

Mwisho, enda yadi tatu na uulize wangenunua gari kama hiyo kwa ngapi leo, pesa mkononi. Usiulize wanauza ngapi. Pengo kati ya hizo bei mbili ndilo utalipa siku utashikwa na shida na utake kuuza haraka.

So kuinunua unaweza, hiyo tumekubali. Ila jiulize kama mwezi ujao ikiitisha laki mbili, utazitoa bila kukopa rent.