TREKTA IKIFA, DEREVA ASILIPISHWE



Matawi yetu ya Busia na Malaba yameleta tena lile shauri la zamani: trekta imekufa shambani, na dereva ameambiwa alipe. Safari hii ni mwenzetu aliyekuwa akilima upande wa Matayos. Injini ilichemka, ikakwama. Tajiri hakuuliza radieta ilisafishwa lini, wala fani belti ilibadilishwa lini. Aliuliza jina la dereva tu.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu mshahara ukatwe kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanyakazi ameharibu kwa kusudi, na hata hapo ni kiasi cha haki. Tena makato yote pamoja hayawezi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Belti iliyochakaa si kusudi la dereva. Lakini dereva ajuaye kuwa oili imekwisha naye akaendelea kulima, huyo tutapata taabu kumtetea, na twasema hivyo waziwazi.

Kwa hiyo andikeni. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha: oili, maji, grisi, filta ya hewa. Januari na Februari, watu wanapolima kabla ya mvua za Machi, vumbi la huku laziba filta upesi. Injini hutoa moshi mweusi na kula dizeli bure. Soma saa ya injini, andika namba yake. Kwa trekta nyingi kitabu chasema oili ibadilishwe kila saa 250. Trekta ifanyayo kazi saa 10 kwa siku yamaliza saa hizo kwa siku 25. Basi yule tajiri asemaye "oili ni mara moja kwa mwaka" hesabu zake ni za baiskeli.

Ukiomba filta ukanyimwa, andika siku uliyoomba na nani alikunyima.

Malori hupita Malaba usiku na mchana yakienda Uganda na mbele zaidi, lakini spea ya trekta mara nyingi yabidi iagizwe Kisumu au Nairobi, na msimu haungoji. Mafundi wetu hukata gasketi kwa boksi la karatasi ngumu ili kazi isilale. Twawasifu kwa ujuzi huo. Hatumsifu anayewalazimisha kuutumia kila wiki.

Liko jambo baya kuliko mshahara. Ile shafti ya nyuma ya trekta kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde moja. Ikishika kanzu au mkono wa koti, mtu hana nafasi hata ya kupiga kelele. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka sehemu za hatari zifunikwe. Kifuniko kikivunjika, dereva ana haki ya kudai kingine kabla ya kuunganisha mashine.

Kilimo kimo mikononi mwa serikali za kaunti tangu 2013. Yeyote anunuaye trekta, kaunti au ushirika au tajiri, twataka fungu la spea na mshahara wa makanika viandikwe siku ile ile ya kununua. Tutalitia neno hili katika mazungumzo ya mkataba ujao.

Daftari zitolewe na makatibu wa matawi. Andikeni kwa wino, si penseli.