Uliugua chikungunya 2018? Dengi haikujui

Kama uliishi Mombasa mwanzoni mwa 2018, magoti yako yanakumbuka. Chikungunya ilizuka mwishoni mwa 2017, na vijana wakawa wanashuka ngazi kama wazee. Jina lenyewe ni la Kimakonde, kutokana na mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika. Maana yake ni kujikunja.

Sasa kaa barazani Kibokoni, utasikia: "Mimi nishaugua, mwili ushazoea." Maneno hayo ni kweli nusu.

Fikiria mwili wako ni mtaa, na chembe nyeupe za damu ndio vijana wa barazani. Mwizi akija mara ya kwanza, wanachukua siku kadhaa kumjua. Wakimshinda, baadhi yao wanabaki miaka mingi wakiwa na sura yake kichwani. Akirudi, hafiki kona ya pili. Chanjo nayo huwaonyesha picha ya mwizi kabla hajaja. Kwa chikungunya, kumbukumbu hii ni imara, na ni nadra mtu kuipata mara mbili.

Lakini wanamjua huyo huyo tu. Dengi ni mwizi mwingine, hata kama aliyewaleta wote wawili ni mbu mmoja, *Aedes*. Tena dengi wako ndugu wanne. Ukipona mmoja, unabaki na kinga dhidi yake, ila kwa wale watatu kinga ni ya miezi michache. Baada ya hapo, kumbukumbu yaweza kukuponza. Kingamwili za zamani humshika kirusi mgeni bila kumuua, na humrahisishia kuingia ndani ya seli. Ni kama vijana wamshike mwizi kanzu, kumbe ndio wanamsukuma mlangoni. Ndiyo sababu dengi ya pili ina hatari kubwa zaidi ya kuwa kali, ingawa wengi hupona.

Na hili si la mbali. Kati ya 2011 na 2014, aina tatu za dengi zilipatikana Kenya, na Mombasa ilikumbwa 2013, kisha tena 2017 na 2021. Kwa kuwa wengi huambukizwa bila kuugua sana, huenda ushapata ya kwanza na hujui.

Kwa hivyo, ukipata homa na kipimo cha malaria kionyeshe huna, uliza kuhusu dengi. Meza parasetamoli, uachane na aspirini na ibuprofen mpaka ujue ni nini, kwani huongeza hatari ya kutokwa damu. Tumbo likiuma sana, ukatapika mfululizo au ufizi ukatoa damu, kimbia hospitali hata kama homa imeshuka.

Halafu angalia mitungi yako. Maji ya mfereji ni ya kubahatisha, sote twahifadhi, na mbu huyu anapenda maji hayo hayo safi. Anauma mchana, kwa hivyo neti ya usiku pekee haikutoshi. Funika pipa leo.