Kabla hujauza ng'ombe kwa safari ya mwanao

Mzazi wa Magu, mwanao wa chuo akikuambia amepata nafasi ya kufanya kazi Marekani likizo ndefu ili ajifunze biashara, usimkatalie haraka, wala usikimbilie kuuza ng'ombe. Programu hiyo ya viza ya J-1 ipo kweli, na kazi haizidi miezi minne.

Uliza kwanza: taasisi inayomdhamini imo kwenye orodha ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani? Atafanya kazi gani, kwa nani? Kazi za ndani kwenye nyumba za watu haziruhusiwi. Bima ya afya je? Kanuni zinataka isiyopungua dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali.

Wakala akikwepa maswali hayo, ng'ombe abaki zizini.