Bata mzinga wa Marekani: Kwa nini mwindaji kutoka jimbo jingine analipa mara kumi, na sasa anawekewa kikomo?

Kuanzia Machi hadi Mei, alfajiri kabla ya jua kuchomoza, wawindaji wengi wa Marekani huketi kimya chini ya mti wakisubiri sauti moja: mlio wa bata mzinga dume anayeita majike. Huo ndio uwindaji wa majira ya kuchipua. Ni wa halali, una leseni, na ndege anayepatikana huenda mezani.

Lakini miaka ya karibuni msimu huu umekuja na ugomvi. Jimbo la Nebraska lilikuwa likiuza vibali kwa kila aliyetaka kununua. Mwaka 2023 lilipunguza vibali vya mtu mmoja kutoka vitatu hadi viwili kwa msimu. Mwaka 2024 likaweka kikomo kwa wageni: vibali 10,000 tu, vikiisha vimeisha. Jirani yake, Kansas, nayo ikaamua kuwa kuanzia 2024 wawindaji wa nje ya jimbo wapate vibali vya msimu huo kwa bahati nasibu.

Hapa msikilizaji aelewe neno "mgeni". Si mtu wa nchi nyingine. Ni Mmarekani kamili, ila anaishi jimbo jingine. Ni kama mkazi wa Dodoma avuke kwenda Tabora kuwinda, aambiwe: wewe si wa hapa, bei yako ni nyingine na foleni yako ni nyingine.

Je, hilo ni haki? Na linatuhusu nini sisi tunaoishi jirani na mapori yenye wanyama? Twende hatua kwa hatua.

Ndege aliyekaribia kwisha

Bata mzinga mwitu ndiye asili ya yule anayefugwa. Mwanzoni mwa karne iliyopita alikaribia kutoweka. Misitu ilifyekwa, na watu waliwinda bila kikomo ili kuuza nyama mjini. Kufikia miaka ya 1930 inakadiriwa walibaki kama 200,000 nchi nzima.

Walirudije? Kwanza, uuzaji wa nyama ya mwituni ulipigwa marufuku na misimu ya uwindaji ikawekwa. Pili, serikali za majimbo zilikamata ndege wa mwituni kwa nyavu zinazorushwa kwa baruti, zikawahamishia mahali walipokuwa wametoweka. Majaribio ya kuachia ndege waliolelewa bandani yalishindikana, maana hawakujua kujificha na maadui. Leo bata mzinga mwitu wapo katika majimbo 49 kati ya 50; Alaska peke yake ndiyo haina. Idadi yao inahesabiwa kwa mamilioni.

Kazi hiyo iligharimu fedha, na sehemu kubwa ilitoka kwa wawindaji wenyewe. Sheria ya mwaka 1937, inayojulikana kama Pittman-Robertson, inatoza ushuru wa asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi. Fedha hizo hugawiwa majimbo kwa kuangalia ukubwa wa eneo na idadi ya watu wenye leseni za uwindaji. Na kuna sharti zito: jimbo likichukua mapato ya leseni na kuyapeleka kwenye shughuli nyingine nje ya idara yake ya wanyamapori, linajiweka katika hatari ya kukosa mgao huo.

Kanuni za msimu

Kila jimbo lina kanuni zake, lakini mengi yanafanana.

Kwanza, katika msimu huu huwindwa dume. Majimbo mengi husema ndege lazima awe na "ndevu", yaani kishungi cha manyoya magumu kama nywele kinachoning'inia kifuani. Sababu ni kwamba jike yuko kwenye kutaga na kuatamia, na dume mmoja hupanda majike wengi. Ukitoa dume mmoja, mayai bado yatapatikana. Ukiua jike, umeua na vifaranga wake.

Pili, silaha ni bunduki ya marisau au upinde. Majimbo mengi hayaruhusu risasi ya masafa marefu, kwa sababu wawindaji hujificha na kuiga sauti ya ndege, na ni rahisi mtu kumpiga mwenzake.

Tatu, kumwaga mahindi ili kuwavuta ndege ni kosa katika majimbo mengi.

Nne, kuna saa. Mahali pengi huanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Pennsylvania, kwa mfano, husimamisha uwindaji saa sita mchana katika sehemu ya kwanza ya msimu ili majike waachwe watulie kwenye viota.

Tano, ukishapata ndege unatakiwa kutoa taarifa. Siku hizi mwindaji hufanya hivyo kwa simu au kwenye intaneti, na jimbo hupata hesabu ya waliouawa. Hesabu hiyo ndiyo inayoamua msimu ujao uweje.

Mgeni anayevunja kanuni hizi haponi kwa kukimbilia kwao. Sheria ya Lacey ya mwaka 1900 inafanya kuwa kosa la kitaifa kusafirisha kuvuka mpaka wa jimbo mnyama aliyewindwa kinyume cha sheria. Tena karibu majimbo yote yana mkataba wa pamoja: ukifungiwa leseni jimbo moja, majimbo mengine yanaweza kukufungia pia.

Hesabu ya mgeni

Tuchukue mfano wa Florida. Mkazi hulipa dola 17 kwa leseni ya uwindaji ya mwaka na dola 10 kwa kibali cha bata mzinga. Jumla dola 27. Jirani yake anayeishi Georgia, hata kama nyumba yake iko kilomita chache kutoka mpakani, hulipa dola 151.50 kwa leseni ya mwaka na dola 125 kwa kibali. Jumla dola 276.50. Ni zaidi ya mara kumi. Akichukua leseni ya siku kumi tu, bado atafikisha dola 171.50.

Na watu wanalipa. Sababu moja ni kwamba aina ya bata mzinga iitwayo Osceola hupatikana rasi ya Florida peke yake. Wapo wawindaji wanaozunguka nchi kutafuta aina zote nne kuu, na bila Florida hawawezi kukamilisha.

Ukazi nao una vipimo. Missouri humhesabu mtu kuwa mkazi baada ya siku 30. Wyoming hutaka mwaka mzima. Kwa ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili waliohamia Marekani, hili ni la kuangalia kabla ya kununua leseni, kwa sababu kudanganya ukazi ni kosa. Tena mtu aliyeingia kwa viza ya muda, kama mwanafunzi au mtalii, kwa kawaida haruhusiwi na sheria ya taifa kushika bunduki. Kuwa na leseni halali ya uwindaji ni mojawapo ya mambo yanayomtoa kwenye katazo hilo.

Mahakama ilisema nini?

Katiba ya Marekani hairuhusu jimbo kuwabagua raia wa majimbo mengine hivi hivi. Wawindaji waliwahi kuipeleka Montana mahakamani kwa sababu ya bei ya leseni ya kuwinda mnyama mkubwa aitwaye elk. Mkazi aliweza kupata leseni kwa dola 9. Mgeni alilazimika kununua leseni ya mseto ya dola 225.

Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kuwa Montana haikukosea. Hoja yake: kuwinda kwa kujifurahisha si haki ya msingi inayowaunganisha raia wa taifa moja. Na wakazi ndio wanaolipa kodi za jimbo na kuishi na wanyama hao mwaka mzima.

Lakini linganisha na kesi ya mwaka 1948. South Carolina ilitoza wavuvi wa kamba kutoka nje dola 2,500 kwa mashua, wakati mkazi alilipa dola 25. Hapo Mahakama Kuu ilikataa. Wale wavuvi walikuwa wanatafuta riziki, na jimbo lilikuwa linawafungia njia ya kula.

Ukiziweka kesi hizi mbili pamoja unapata kanuni moja: mgeni anayekuja kwa starehe anaweza kutozwa zaidi, mgeni anayekuja kutafuta riziki halali asizuiwe kwa bei ya kukomoa. Mwaka 2005 Bunge la nchi hiyo nalo lilipitisha sheria inayothibitisha kwamba majimbo yana uwezo wa kutofautisha wakazi na wageni katika uwindaji na uvuvi.

Ugomvi uko wapi basi?

Tatizo ni kwamba bata mzinga wamepungua katika baadhi ya maeneo, hasa kusini mashariki na nyanda za kati. Kansas ilisimamisha hata msimu wa vuli mwaka 2023. Viota vinaliwa na wanyama wengine, mazingira yamebadilika, vifaranga wachache wanakua. Baadhi ya watafiti wanauliza pia kama madume wanauawa mapema mno kabla ya kupanda.

Wakati huohuo wageni waliongezeka. Jimbo moja likipunguza vibali, watu huhamia lenye mlango wazi. Mkazi akifika kwenye ardhi ya umma alfajiri anakuta magari yenye namba za mbali. Ndiyo maana Mississippi imeweka bahati nasibu kwa wageni wanaotaka kuwinda kwenye ardhi ya umma mwanzoni mwa msimu.

Upande wa pili una hoja pia. Mgeni ndiye anayelipa zaidi, analala kwenye nyumba za wageni za miji midogo, ananunua mafuta na chakula. Ukimpunguza, umepunguza fedha za kuwatunza ndege haohao. Tena kumzuia mgeni hakurudishi kiota kilichoharibika. Nebraska haikuwagusa wageni peke yao: ilipunguza vibali vya kila mwindaji, wakazi wakiwemo. Hapo inaeleweka zaidi. Jimbo linalowabana wageni huku wakazi wakiendelea kama zamani litapata shida kusema kwamba linahifadhi.

Sisi tunajifunza nini?

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania imeuruhusu kwa leseni, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Sisi nasi tunatenganisha uwindaji wa wenyeji na uwindaji wa kitalii, na mtalii hulipa zaidi sana. Kanga na kwale nao wanahitaji leseni. Kuwapiga bila kibali ni ujangili hata kama ni wa mboga ya siku moja.

Tofauti kubwa iko kwenye kile kinachofuata baada ya leseni kulipwa. Mkulima ambaye tembo wamepita shambani mwake usiku ana haki ya kuuliza maswali yaleyale wanayouliza watu wa Nebraska. Wanyama wamehesabiwa lini? Vibali vilivyotolewa ni vingapi, na wanyama waliowindwa ni wangapi? Fedha za mgeni zimeingia wapi, na kijiji kimepata nini?

Pale palipo na Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori, maswali hayo yana mahali pa kuulizwa: kwenye mkutano mkuu wa kijiji, taarifa ya mapato na matumizi inaposomwa. Mgeni kulipa mara kumi si dhuluma, ikiwa mwenyeji anaona fedha hizo zinarudi porini na kijijini. Asipoziona, ataanza kumwona mnyama kuwa ni wa mgeni, na mnyama wa mgeni hana mlinzi kijijini.